Mshenga Alikuwa Kinubi

Bugeshi ni nchi ya baridi. Tarafa hiyo ya Wilaya ya Rubavu, katika sehemu iliyokuwa zamani Mkoa wa Gisenyi, imeinuka juu ya udongo wa volkeno. Mlima Karisimbi, wenye kimo cha mita 4,507, hauko mbali, na mpaka wa Kongo unapita kando ya mashamba yake ya viazi. Jua likishatua, mtu hatafuti uwanja wala barabara. Hutafuta moto na watu wake. Na hapo ndipo muziki wa nyuzi hupata haki yake. Ngoma hutaka uwanja na mchana. Nyuzi hutaka chumba, watu wachache na masikio yaliyotulia.

Nyuzi za Rwanda zajulikana. Ipo inanga, kipande cha mti kilichochongwa mfano wa sinia refu, na juu yake uzi mmoja umepitishwa huku na huko mara kadhaa hata ukawa kama nyuzi nyingi. Mpigaji huipakata, akasimulia kwa sauti ya chini mambo ya wafalme, ya ng'ombe na ya mashujaa. Ipo pia iningiri, zeze la uzi mmoja lipigwalo kwa upinde, ambalo hulia kama mtu mwenye neno moyoni asilothubutu kulitamka. Mtu akitaka kuwatafutia jamaa zao huko Ulaya, atasema kwamba kinubi ni binamu wa inanga, na fidla ni iningiri iliyoongezewa nyuzi tatu. Wataalamu wa vyombo watanung'unika juu ya nasaba hiyo. Waachwe wanung'unike, maana kisa kinachofuata ni cha fidla na kinubi, na aliyewahi kuzisikia iningiri na inanga hatashindwa kukielewa.

Kisa chenyewe ni cha posa. Nchini Rwanda posa ina mlango wake. Kwa desturi ya tangu zamani kijana hakwenda mwenyewe kwa baba wa msichana akasema, "Nimempenda." Alitangulia umuranga, yaani mshenga, mtu mwenye macho ya kuona na ulimi wa kunyamaza. Yeye ndiye aliyeichunguza nyumba, tabia na ukoo, akapeleka neno na kurudisha neno. Hata leo, siku ya kuomba mchumba na ya kutoa mahari, wasemaji wa pande mbili hushindana kwa maneno ya hekima na ya kuchekesha, ng'ombe akasifiwa kwa majina yake, na bwana harusi mwenyewe akakaa kimya kama mtu ambaye shauri hilo halimhusu. Ni utaratibu mzuri. Humwondolea kijana aibu, na humpa msichana nafasi ya kufikiri.

Je, kijana asiye na mshenga afanye nini? Miaka zaidi ya 200 iliyopita alikuwako mmoja wa namna hiyo katika mji wa Gotha, nchi ya Ujerumani. Aliyempeleka neno hakuwa mjomba wala rafiki. Kilikuwa kinubi.

Zama zenyewe zafaa zielezwe kidogo. Kule Uingereza Mfalme George wa Tatu aliugua akili, na tangu mwezi wa Februari 1811 mwanawe akatawala kwa niaba yake hata mfalme huyo alipofariki tarehe 29 Januari 1820. Miaka hiyo ya ukaimu imekuwa chemchemi ya hadithi za mapenzi zisizokwisha: dansi, barua zenye lakiri, maofisa wa jeshi waliovaa koti jekundu, na akina mama wanaohesabu mapato ya kila bwana anayeingia sebuleni. Katika hadithi hizo muziki una kazi. Msichana akikaa kwenye piano, kijana hupata ruhusa ya kusimama karibu naye ili amfunulie kurasa za noti, na hakuna mzazi awezaye kulalamika. Jane Austen, mwandishi mkubwa wa zama hizo ambaye mwenyewe alikuwa akijizoeza piano kila asubuhi, aliweka katika kitabu chake "Emma", kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1815, piano iliyoletwa nyumbani kwa msichana maskini bila jina la mletaji. Kijiji kizima kikakisia, kikakosea. Mletaji alikuwa mchumba wake wa siri.

Lakini Bibi Austen alikuwa na jicho kali, na aliona jambo ambalo waandishi wengine wa mapenzi hulipita. Katika "Emma", na kabla ya hapo katika "Sense and Sensibility" cha mwaka 1811, wamo wanawake waliojifunza muziki kwa miaka, wakasifiwa kwa muziki, wakapata mume, na baada ya hapo hawakugusa chombo tena. Muziki ulikuwa chambo. Samaki akishanaswa, chambo cha nini? Hapo ndipo lilipo swali la kisa hiki. Wengi wameoana kwa sababu ya muziki. Wachache wamebaki nao.

Kijana wa Gotha aliitwa Louis Spohr. Alizaliwa katika mji wa Brunswick tarehe 5 Aprili 1784, akakua akawa mtu mrefu kupita watu, na fundi wa fidla mwenye sifa. Mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alipewa uongozi wa wapiga muziki wa kasri ya mtawala wa Gotha, na wengi wa waliokuwa chini yake walimzidi umri. Askari kijana aliyewahi kupewa kikosi chenye wakongwe ataelewa hali yake. Kazini hakutetemeka. Alitetemeka alipomwona Dorette Scheidler.

Binti huyo alikuwa hajatimiza miaka 18. Mama yake alikuwa mwimbaji wa kasri, na mtoto alikuwa amelelewa katika muziki kama wengine walelewavyo katika kilimo: alipiga piano, alipiga fidla, na zaidi ya yote alipiga kinubi. Spohr alikwenda nyumbani kwao kwa udhuru wa kazi. Akaombwa akae, binti akaombwa apige. Mwenyewe alikuwa amewahi kujifunza kinubi kidogo utotoni, kwa hiyo alijua ni taabu gani iliyofichwa nyuma ya kila sauti. Dorette alipomaliza, kijana yule aliyezoea kuamuru wazee hakuwa na neno. Akaaga, akaondoka, machozi yakiwa karibu.

Mwingine angalitafuta mtu wa kumsemea. Spohr alikaa mezani akatunga muziki wa vyombo viwili, fidla na kinubi. Tazama werevu wake! Muziki wa vyombo viwili hauwezi kujifunzwa na mtu mmoja. Ni lazima wawili wakutane, warudie, wakosee, wacheke, warudie tena. Tena alimtungia na mama mkwe mtarajiwa wimbo wa kuimba, wenye sehemu ya fidla ndani yake. Mshenga hodari hapotezi njia ya kumpita mama. Basi siku baada ya siku kijana alikuwa na sababu halali ya kuingia nyumba ile, na jirani mwenye macho makali zaidi hangaliweza kusema ila kwamba watu wale wana bidii ya kazi.

Ikafika siku ya kupiga mbele ya watu wa kasri. Wakapanda wawili katika gari la farasi, na ikawa mara yao ya kwanza kuwa peke yao. Humo garini, baada ya miezi ya kusema kwa nyuzi, Spohr alipata ujasiri wa kusema kwa mdomo. Hakuomba kwa maneno mengi. Aliuliza tu kama wasingeweza kuendelea kupiga pamoja hivyo maisha yao yote. Dorette alilia, akamwangukia kifuani. Spohr mwenyewe aliyasimulia hayo uzeeni katika kumbukumbu za maisha yake. Walifunga ndoa tarehe 2 Februari 1806.

VYOMBO VIWILI, NYUMBA MOJA

Hadithi za mapenzi huishia mlangoni mwa kanisa. Hii haikuishia hapo, na bahati njema, kwa kuwa sehemu yake tamu ndiyo inayoanza.

Shida ya kwanza ya nyumba mpya haikuwa fedha wala mawifi. Ilikuwa ya sauti. Fidla hung'aa katika aina fulani za funguo za muziki, na kinubi cha siku zile kilistawi katika funguo nyingine. Wakipiga katika ufunguo unaoifaa fidla, kinubi kilisononeka. Wakipiga ule unaokifaa kinubi, fidla ilififia. Juu ya hayo nyuzi za kinubi, zilizokuwa za utumbo wa mnyama, zilikatika ovyo zikikazwa sana, na hakuna fedheha ipitayo ile ya uzi kukatika katikati ya onyesho. Spohr alitafuta dawa. Kinubi kikalegezwa nyuzi zake zote kwa nusu sauti. Kuanzia hapo mke alisoma noti zake katika ufunguo wake, mume akasoma zake katika ufunguo mwingine, ilhali masikio ya wasikilizaji yalisikia kitu kimoja. Karatasi zao hazikufanana hata kidogo, muziki ulipatana. Na nyuzi hazikukatika tena kama zamani, kwa kuwa zilikuwa zimepunguziwa mzigo.

Mwaka ule ule wa arusi yao vita vikapita karibu. Tarehe 14 Oktoba 1806 Napoleon alilivunja jeshi la Prussia huko Jena na Auerstedt, mwendo usiofika kilomita 100 kutoka Gotha. Jamii za askari zinajua maana ya mwaka kama huo kwa mke kijana. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wao wa kwanza, na safari zikaanza: Spohr alitengenezesha gari la kufaa kubebea kinubi, na mke na mume wakaenda mji kwa mji katika nchi za Ujerumani wakipiga, wakilala nyumba za wageni, wakikagua nyuzi kila kituo kama askari akaguavyo bunduki yake. Watoto, walipokuwa wadogo, waliachwa mara nyingine na jamaa. Dorette aliyapata mashangilio na huzuni kwa pamoja. Hayo si mambo ya kuchekwa.

La kuchekwa lipo, tena lilitokea mwaka 1808. Katika mwezi wa Septemba na Oktoba mwaka huo Napoleon aliwakutanisha wafalme katika mji wa Erfurt, jirani ya Gotha; Kaizari Alexander wa Urusi alikuwapo, na wafalme wa Ujerumani wakaja kuinamisha vichwa. Mfalme wa Wafaransa alikuwa ameleta waigizaji wakubwa kutoka Paris, na kila jioni wakubwa wale walikaa katika ukumbi wa maonyesho. Spohr akatamani kuona. Akaenda kwa miguu pamoja na wanafunzi wake, akakuta tiketi za raia ni kama hazipo.

Njia moja ilibaki: kuingia na wapiga muziki. Akawasihi baadhi ya wapigaji wamwachie nafasi yake na ya wanafunzi wake. Wakakubali; lakini nafasi iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ya kupiga pembe ya shaba, chombo ambacho hajapata kukitia mdomoni. Hakurudi nyuma. Alichukua pembe, akajifunza siku nzima tangu asubuhi, na jioni akaketi mahali pake akapiga sehemu yake bila kuaibika. Aliyepitia bendi ya jeshi au ya polisi anajua siku ya kwanza ya chombo cha shaba inavyoifanya midomo ya mtu.

Kumbe taabu haikuishia hapo. Wapiga muziki walikuwa wameamriwa kuwapa wakubwa kisogo na wasithubutu kugeuka kuwatazama. Spohr alikuwa na kioo kidogo mfukoni. Akakiweka mbele yake, na kwa kioo hicho akawaona mmoja mmoja watawala wa Ulaya waliokaa nyuma ya mgongo wake. Amri ilitiiwa; macho hayakuwa yametajwa katika amri.

Akarejea nyumbani midomo imevimba na kuwa myeusi. Dorette akashtuka, akauliza kulikoni. Mume akajibu kwamba ni kwa sababu ya kubusiana mno na wanawake wazuri wa Erfurt. Haifahamiki ni dakika ngapi alimwacha mkewe katika fikira hizo kabla ya kumweleza habari ya pembe. Inafahamika kwamba mke alipoelewa alicheka. Bila shaka nyumba nyingine zingalifaa kuonywa zisijaribu mzaha huo, hasa mume akiwa ametoka safari ya kikazi.

FIDLA ILIYONYAMAZISHWA

Isidhaniwe kwamba Spohr alikuwa malaika. Imetajwa hapo juu kwamba Dorette, alipokuwa kwao, alipiga na fidla pia. Mchumba wake alimshauri aiache, kwa maoni kwamba chombo hicho hakimpendezi mwanamke. Akaiacha. Kinubi sawa, piano sawa, lakini fidla, chombo cha mume mwenyewe, la! Ni vigumu kuyatazama maoni hayo bila kutabasamu, na ni vigumu pia kuyatabasamia mpaka mwisho. Mtu aliyeweza kulegeza nyuzi kwa nusu sauti ili vyombo viwili vipatane hakuweza kuvumilia chombo kimoja katika mikono miwili ya nyumba moja. Huenda ilikuwa desturi ya siku zile tu. Huenda alihofia kulinganishwa.

Desturi ya kugawa vyombo kwa kuangalia mume na mke haikuwa ya Wajerumani peke yao. Rwanda nayo, wapigaji wa inanga ambao majina yao yamebaki, kama Rujindiri na Sebatunzi, walikuwa wanaume, na wengi waliamini kwamba mambo yawe hivyo. Kirusu Thomas, mpigaji mwingine mwenye jina, hakufuata imani hiyo: alimfundisha inanga binti yake, Sophie Nzayisenga, tangu utotoni, na binti huyo akaja kuwa mpigaji anayejulikana ndani ya Rwanda na nje yake. Baba mmoja alimpa binti chombo. Mchumba mmoja alimnyang'anya. Msomaji atapima mwenyewe.

Hata hivyo yasemwe na ya upande wa pili. Alichokiacha kwa Dorette, Spohr alikilinda. Kwa miaka 14 baada ya arusi mwanamke huyo hakuwa mapambo ya sebule. Alikuwa mpigaji wa haki, jina lake likiandikwa katika matangazo, watu wakilipa ili wamsikie yeye. Walikuwa Vienna kuanzia mwaka 1813, wakati miji mikuu ya Ulaya ilipokuwa ikijadili amani baada ya vita vya Napoleon; walikwenda Italia mwaka 1816; walikaa Frankfurt. Jamii ya askari anayehamishwa kila baada ya muda mfupi itaitambua hali hiyo: masanduku hayakai muda mrefu bila kufunguliwa wala kufungwa. Kila walipokwenda, mume aliandika muziki mpya wa fidla na kinubi, na aliuandika kwa kipimo cha mikono ya mtu mmoja anayemjua.

Ndipo ikaja London, mwanzoni mwa mwaka 1820. Chama cha muziki cha Philharmonic, kilichoanzishwa mwaka 1813, kilikuwa kimemwalika Spohr. Mfalme mgonjwa alikuwa amekwisha kufariki, miaka ya ukaimu imefungwa, na mji umeamriwa kuomboleza. Mgeni wetu hakuwa na habari. Akatoka barabarani kwenda kuwaamkia wenyeji wake akiwa amevaa kizibao chekundu cha kung'aa, ilhali London nzima imevaa nyeusi. Vijana wa mitaani wakamfuata wakimzomea. Yeye hakujua Kiingereza cha kutosha kuelewa kosa lake, akaendelea na safari kwa heshima zote, mrefu kama mnara, mwekundu kama jogoo. Alipofika ndipo akaelezwa.

Hadithi ya Dorette huko London haikuwa ya kuchekesha. Mhunzi mkubwa wa vinubi, Érard, alikuwa ametoa kinubi cha namna mpya ambacho kila kanyagio lake liliweza kupandisha uzi mara mbili badala ya mara moja. Hati yake ya uvumbuzi ilikuwa ya mwaka 1810, na wapigaji wa kisasa walikuwa wakikihamia. Kilikuwa bora kuliko cha zamani. Kilikuwa pia kikubwa zaidi, nyuzi zake zimekazwa zaidi, na makanyagio yake yalidai miguu ijifunze upya yote iliyoyajua. Dorette alikuwa na miaka 32. Alikuwa amezaa, amesafiri, na homa kali ilikuwa imepata kumwangusha. Mwili ulikwisha kutoa ilani. Akajitahidi na kinubi kipya, na kila alivyojitahidi ndivyo alivyodhoofika. Akapiga mbele ya Waingereza, wakamshangilia. Ikawa mara yake ya mwisho kupiga kinubi hadharani.

Mume ndiye aliyemsihi aache. Hapa msomaji aweza kukumbuka ile fidla na kuuliza kama historia haijirudii. Hairejei hivyo. Mara ya kwanza alimwachisha chombo kwa sababu ya macho ya watu. Mara hii kwa sababu ya uhai wake, na kwa kufanya hivyo alikuwa akiukata mkono wake mwenyewe, kwa kuwa muziki wa fidla na kinubi ndio uliokuwa umewapa jina kama mke na mume. Dorette hakukubali upesi. Kinubi ndicho kilichomtoa nyumbani kwa mama yake, ndicho kilichomleta mume garini. Mtu haachi mshenga wake kama aachavyo kiatu.

Spohr akafanya alivyofanya mwaka 1805: akakaa mezani. Alijua kwamba mkewe alikuwa amejifunza piano utotoni na vidole vyake havijasahau. Akaahidi kumtungia muziki wa piano, na ahadi ilitimizwa mwaka ule ule wa 1820, kwa utungo wa piano pamoja na filimbi, klarineti, pembe na basuni. Huo si muziki wa mgonjwa. Sehemu ya piano imejaa mbio na vishindo, na wapiga piano wa leo bado huiogopa. Spohr hakumtungia mkewe kitu chepesi cha kumliwaza. Alimtungia kitu ambacho ni fundi tu angeweza kukipiga, na hivyo akamwambia, bila kutamka, kwamba bado ni fundi. Hapakuwa na fidla katika utungo huo. Safari hii mume alikaa akasikiliza.

Mwaka 1822 walihamia Kassel, Spohr akiwa mkuu wa muziki wa kasri, na uhamisho huo ukawa wa mwisho. Nyumba yao ilijaa wanafunzi na wageni waliokuja kupiga jioni. Mji ulimjua kama kiongozi mkali. Wapiga fidla wa dunia wamemrithi kile kibao kidogo cha kuegemeza kidevu, alichokibuni yapata mwaka 1820. Dorette alifariki huko Kassel tarehe 20 Novemba 1834. Wakati huo mumewe alikuwa akiandika kazi kubwa ya nyimbo za dini. Aliiweka kando, kisha akairudia akaimaliza, nayo ikaimbwa mwaka 1835.

Mwezi wa Januari 1836 alioa tena, bibi aliyekuwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka 20. Jina lake lilikuwa Marianne Pfeiffer, na alipiga piano. Spohr akamtungia muziki wa fidla na piano. Muziki wa kinubi, wenye karatasi mbili zisizofanana na nusu sauti iliyolegezwa, hakuutunga tena.